Taa ya Injini Ikiwaka Gotu: Namna ya Kumpima Fundi na Mashine Yake

Mtu wa Nairobi akiuziwa sensa isiyo yake, huirudisha Kirinyaga Road alasiri hiyohiyo na kubishana na muuzaji mpaka ibadilishwe. Mtu wa Gotu hana nafasi hiyo. Spea yake imeagizwa kwa simu, imefika Isiolo kwa basi, imepakiwa kwenye gari linaloelekea Merti, imeshushwa kabla ya daraja la Ewaso Nyiro, na hela zimeshatoka. Ikifungwa na taa isizimike, safari nzima inaanza upya. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ubora wa fundi anayetumia mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu hupimwa kwa spea ambazo hakukuagizia.

Msimbo hauitaji spea mbovu kwa jina. Chukua P0118. Kompyuta ya injini inasema tu kwamba volti kwenye waya wa sensa ya joto la maji imepanda kupita kiwango. Huenda ni sensa yenyewe. Huenda pia ni waya uliokatika chini ya mkanda wa zamani, soketi iliyolegezwa na mtikisiko wa barabara, au kutu ya kijani iliyoota kwenye pini baada ya gari kuvuka laga yenye maji. Msimbo ni kama mtoto wa kuchunga: akipiga yowe usiku, anakuonyesha upande wa boma ambako mbuzi wamevurugika. Kama ni fisi, chui au mwizi, ni wewe wa kwenda na tochi. Fundi asiyekwenda na tochi atakwambia "nunua sensa", na atakutoza kwa kusoma namba ambayo hata mwanao angeisoma kwenye simu.

Kabla ya mashine, gari lenyewe. Linaloaminiwa zaidi upande huu ni Land Cruiser pickup yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Pampu yake hugawa mafuta kwa gia, springi na vyuma. Hakuna kompyuta inayoiamuru. Injini hiyo ikitoa moshi mweusi au ikikosa nguvu, hakuna mashine itakayokusomea sababu. Dawa iko kwenye chujio la mafuta, nozo, pampu na kisafisha hewa. Fundi anayeikaribia 1HZ akiwa na kifaa cha kusoma misimbo mkononi amekwisha kujieleza, na unaweza kumshukuru na kuondoka. Prado ya zamani yenye 1KZ-TE, kinyume chake, ni dizeli pia, lakini pampu yake inaongozwa na kompyuta, na hiyo ina misimbo. Discovery yenye injini ya Td5 nayo ina kompyuta, ila haiongei na vifaa vya kawaida. Inahitaji mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Land Rover. Probox, Corolla NZE, Fielder na Noah ndizo utakazokutana nazo mara nyingi, na humo ndimo ujuzi wa mashine unapojaribiwa.

Ugumu wa magari haya unatokana na historia yake. Jimbo la California lilianza kudai kompyuta zijichunguze kwa magari ya modeli ya 1988. Kufikia modeli ya 1996, kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na soketi moja ya pini 16 na misimbo ya aina moja. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa petroli, dizeli baadaye. Magari yetu hayakutoka huko. Yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, kisha yakaletwa Mombasa kabla ya kupita umri wa miaka 8 ambao Kenya inauruhusu. Toyota za Japani za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina soketi ileile ya pini 16 chini ya usukani, lakini nyingi hazifuati utaratibu wa Marekani. Baadhi huwasiliana kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde badala ya 10400 iliyo kwenye kiwango, na kifaa cha bei rahisi kikipiga hodi kwa kasi yake hakipati jibu. Hapo utasikia fundi akisema kompyuta ya gari imekufa. Kompyuta iliyokufa haiwashi injini. Ikiwa gari limefika gereji kwa nguvu yake lenyewe, kompyuta ni hai, na kinachokosekana ni lugha ya kuongea nayo.

Hapa ndipo ninapomtofautisha fundi na mwenye mashine tu. Toyota hizo za zamani zina mlango mwingine, na fundi aliyelelewa vizuri anaujua. Kwenye injini za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo cha pini chini ya boneti. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa bila kustati, taa ya injini huanza kumetameta. Kwenye soketi ya pini 16, kazi hiyo hufanywa na pini 4 na pini 13. Hesabu mara mbili kabla ya kugusa. Ukiitazama soketi kwa upande wake mpana ukiwa juu, mstari wa juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, wa chini 9 hadi 16. Hivyo pini 4 ni ya nne juu, na 13 ni ya tano chini. Pini 16, ya mwisho kulia, ina moto wa betri muda wote, na waya ukiigusa huku upande wa pili uko kwenye pini 4, ambayo ni ethi, utaunguza fyuzi au kitu cha bei kuliko fyuzi.

Taa ikimetameta kwa mwendo mmoja wa haraka bila kupumzika, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Vinginevyo huhesabu: mmeto wa tarakimu ya kwanza, mapumziko mafupi, mmeto wa tarakimu ya pili. Mbili kisha mbili ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni kipimo cha hewa inayoingia, 41 ni sensa ya mkao wa throto, 42 ni sensa ya mwendo, 52 ni sensa ya mgongano ndani ya silinda. Misimbo ikiwa mingi hutoka kuanzia namba ndogo, kisha huanza tena. Fundi mzuri huacha mzunguko urudie, akiandika kila mara, na haridhiki mpaka orodha mbili zimelingana. Ukimwona anafanya hivyo kwa utulivu, kalamu mkononi, umepata mtu.

Kuhusu kununua mashine yako mwenyewe, nasema nunua, ila ujue unanunua nini. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha siku chache vinajiita ELM327. Jina hilo ni la chipu iliyotengenezwa na kampuni ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lake la kwanza, la mwaka 2005, halikulindwa dhidi ya kunakiliwa, na nakala zikajaa duniani. Kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 2022. Nakala nyingi zimeandikwa toleo 1.5, ambalo Elm hawakuwahi kulitoa. Nyingine zimeandikwa 2.1 huku zikikosa amri na lugha ambazo toleo hilo linapaswa kuwa nazo. Lugha zinazokosekana mara nyingi ni zile za zamani, ambazo ndizo Toyota yako ya 2002 inazihitaji. Kwa hiyo usinunue kabla hujakichomeka kwenye gari lako, au gari la mwaka na injini ileile, ukaona namba za injini zikisogea kwenye skrini. Mashine ya mkononi yenye waya na kioo chake ni bora kwa mtu wa huku kuliko ile ya kuungana na simu, kwa sababu inapata moto kutoka kwa gari na haina betri ya kukuishia njiani. Ukipenda ya simu, chagua programu inayofanya kazi bila intaneti, na uijaribu ukiwa umezima data.

Jambo la mwisho kuhusu mashine: inayotaja majina ya spea kwa fujo, eti "badilisha hiki", iogope. Inayokuonyesha namba hai za sensa, hata bila maelezo, ina thamani kubwa zaidi.

Namba hai ndiyo kazi yenyewe. Omba gari lichunguzwe asubuhi, kabla halijawashwa. Injini iliyolala usiku kucha ina joto moja kila mahali, kwa hiyo sensa ya maji na sensa ya hewa inayoingia zinapaswa kusoma karibu sawa, na zote mbili zikaribiane na joto la nje. Moja ikisema 27 na nyingine 48, umeshapata mwongo kabla ya kugusa spana. Mchana wa Gotu jaribio hili halifanyi kazi: chuma kimechomwa na jua, boneti imehifadhi joto, na kila namba ina kisingizio. Fundi anayekwambia "liache hapa lilale, tulipime alfajiri" haringi wala hakuzungushi.

Kisha umeme. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma, kati ya 13.5 na 14.7. Gari likitoa misimbo saba isiyohusiana kwa pamoja, sensa saba hazikufa siku moja. Tazama betri, na tazama ethi: ule waya mnene unaofunga injini na bodi. Barabara za changarawe zinazopita kando ya Shaba na ndani ya hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu zina mawimbi yanayofungua nati polepole, na ethi iliyolegea huifanya kompyuta isome uongo kila mahali. Kukaza nati hiyo na kuipiga brashi ya waya hakuna gharama, lakini nimeona watu wakiagiza sensa ya tatu kabla mtu yeyote hajaitazama.

Turudi kwa P0118, nikuonyeshe jaribio ambalo kwangu ndilo mtihani wa fundi. Skrini inasoma nyuzi 40 chini ya sifuri, joto ambalo Isiolo haijawahi kuliona. Fundi anachomoa soketi ya sensa, anaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya, na anatazama skrini. Ikiruka hadi nyuzi 140 hivi, basi nyaya na kompyuta ni nzima, na sensa ndiyo ya kubadilishwa. Isipotikisika, sensa mpya itakuwa hasara; waya umekatika mahali fulani, na kazi ni kuufuata. Msimbo ukiwa P0117, yaani skrini imeganda kwenye 140, jaribio ni kinyume chake: chomoa soketi tu, na namba ianguke hadi 40 chini ya sifuri. Dakika mbili, na hujatoa shilingi. Lakini ni kwa sensa za nyaya mbili pekee. Sensa ya nyaya tatu hupelekewa volti 5 zinazogawanywa na sensa nyingine, na kuziunganisha ovyo ni kuharibu kilichokuwa kizima. Muulize fundi wako tofauti hiyo. Jibu lake litakutosha.

Ugonjwa wa kweli wa magari ya petroli huku ni vumbi, na msimbo wake ni P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi wakiusoma hubadilisha sensa ya oksijeni, ambayo ni ghali na mara nyingi haina kosa. Hiyo ndiyo iliyotoa taarifa. Njia ya kujua ni kutazama marekebisho ya mafuta, asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Gari zima hukaa ndani ya 10 juu au chini ya sifuri. Sasa tazama kwa nyakati mbili. Injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, na asilimia ziko juu, tuseme 20, kisha zikashuka kukaribia sifuri ukishikilia mizunguko 2,500, kuna hewa inayopenya kwa wizi: mpira wa hewa umepasuka, gasketi imekauka, au bomba dogo la vakyumu limechomoka. Tundu hilo halikui, na injini ikivuta hewa nyingi linakuwa sehemu ndogo ya jumla. Ikiwa ni kinyume, asilimia ni nzuri injini ikitulia na zinapanda ukikaza mwendo, basi ama mafuta hayafiki ya kutosha, ama kipimo cha hewa kinapunja hesabu.

Kwa gari la Gotu, mimi huanza kwa kukishuku kipimo cha hewa. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto. Hewa inayopita huupoza, na kompyuta huhesabu hewa kwa umeme unaohitajika kuurudishia joto. Kisafisha hewa kikikaa vibaya kwenye kisanduku chake, au kikipigwa kwa upepo wa kompresa mpaka karatasi ikatoboka, vumbi jembamba hupita na kuuvalisha uzi ule koti. Uzi uliovaa koti huhisi hewa kidogo kuliko iliyopo. Toa klipu, pitisha kidole ndani ya mpira ulio baada ya kisafisha hewa: kidole kikitoka na vumbi, umepata njia lilimopitia. Osha uzi kwa dawa ya kupuliza inayokauka bila mafuta, bila kuugusa kwa kitambaa wala brashi, uache ukauke, urudishe, utazame asilimia zile tena. Zikishuka, umemaliza, ila usisahau kuweka kisafisha hewa kipya, maana ukiosha uzi na kuacha tundu unajipangia miadi nyingine.

Zisiposhuka, nenda kwenye mafuta. Presha ya 1NZ-FE, injini ya Probox na Corolla nyingi, ni kati ya paundi 44 na 50 kwa inchi ya mraba, na hupimwa kwa geji, haikisiwi kwa kusikiliza pampu ikilia. Petroli iliyokaa kwenye mitungi huleta maji na uchafu, na chujio lililo ndani ya tangi hubeba mzigo huo kwa siri.

Kuna kosa moja ambalo mashine huliumbua na ambalo gereji nyingi za Kenya hulifanya kwa nia njema. Gari likichemsha, thamostati hung'olewa na kutupwa, kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto. Injini isiyo na thamostati huendeshwa baridi barabarani. Skrini itakuonyesha maji kwenye nyuzi 60 na kitu badala ya 80 na kitu au 90, na kompyuta, ikidhani injini bado inapashwa, inaendelea kumimina mafuta ya ziada. Mwenye gari analalamika kuhusu ulaji, anauziwa plagi, anauziwa nozo. Jibu ni kurudisha thamostati na kutibu rejeta iliyokuwa chanzo. Sindano ya dashibodi haitakwambia haya, kwa sababu katika magari mengi imetengenezwa ikae katikati kwa joto la aina nyingi. Hili peke yake linatosha kuhalalisha gharama ya mashine.

Kuhusu kufuta misimbo nina msimamo mkali. Fundi anayefuta kwanza halafu akasema "tuone kama itarudi" amechoma ushahidi. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya dakika ile: mwendo, joto, mizunguko, mzigo wa injini. Picha hiyo ndiyo inayokwambia kama taa iliwaka ukipanda kilima au ukiwa umesimama. Ikifutwa haipatikani tena, na yale marekebisho ya mafuta yaliyojifunzwa kwa wiki kadhaa huondoka nayo. Iandikwe yote kwanza, au ipigwe picha kwa simu. Kufuta ni hatua ya baada ya matengenezo, na hufuatwa na safari ya kutosha kuipasha injini, kisha kutazama misimbo inayosubiri, ile ambayo imeonekana mara moja lakini haijatosha kuwasha taa. Fundi anayekukabidhi gari bila hatua hii hajui kama amelitengeneza.

Wauzaji wa magari nao wanajua kufuta. Ukienda kununua, washa ufunguo bila kustati: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishika. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa. Kwenye mashine, tafuta orodha ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Yakiwa yote "hayajakamilika" kwenye gari ambalo mwenyewe anaapa analiendesha kila siku, kuna mtu amefuta kumbukumbu juzi au amechomoa betri. Na ukikuta P0420, msimbo wa katalisti, chungulia eksozi: mara nyingi masega ya ndani ya katalisti yalishatolewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake, na hakuna sensa itakayokurudishia.

Malipo yaende kwa uchunguzi. Mtu aliyekaa na gari lako saa mbili, akapima, akafuata waya, na mwisho akakaza nati moja, anastahili kulipwa kama aliyefunga spea ya elfu kumi. Tukizoea kulipa kwa spea tu, tutapata mafundi wanaouza spea.

Na ikithibitika kwamba spea inahitajika kweli, usimpigie mtu wa Isiolo ukasema "sensa ya Probox". Mpe namba kamili ya chasisi kutoka kwenye bamba lililo chini ya boneti, jina la injini, namba iliyochapwa kwenye sensa yenyewe, na picha ya soketi yake inayoonyesha pini ni ngapi. Gari la mwaka 2003 na la 2006 yenye jina moja yanaweza kutofautiana kwa pini moja. Mwambie dereva anayekuletea afungue karatasi dukani, alinganishe na picha, kabla hajaliwasha gari kuja Gotu.